Vihariri vya Mstari wa Amri: Historia ya Dhiki na Wasaa

Miongoni mwa zana zote za watu wa kompyuta, hapana iliyozusha ihtilafu ndefu na kali kuliko kihariri, programu ile ambayo kazi yake yote ni kufungua faili la maandishi, kumwacha mtu aongeze, afute na kusahihisha apendavyo, kisha kulihifadhi. Mwenye kufanya kazi katika dirisha lenye picha na vitufe vya kubofya hana haja ya kulifikiri sana jambo hili, maana aghalabu ameletewa kihariri pamoja na mashine yake. Lakini yule aingiaye katika seva iliyo mbali, pasipo na kipanya wala picha ila mstari mmoja mtupu unaongoja amri, hana budi kuchagua, na akiwauliza wajuzi watatu atapewa majibu matatu, kila jibu na hoja zake, na kila hoja na wafuasi walio tayari kuitetea mpaka usiku wa manane. Wengi huudhani ugomvi huo kuwa ni wa mapenzi na mazoea tu. Lakini atakayezifuata habari za vihariri tangu chimbuko lao ataona kuwa kila kimoja kilipata umbo lake kutokana na hali ya mtu aliyekitunga: kasi ya waya aliokuwa nao, ukubwa wa mashine aliyoruhusiwa kuigusa, na wingi wa watu waliokuwa tayari kumsaidia. Dhiki ilizaa kihariri cha namna moja na wasaa ukazaa cha namna nyingine. Na mambo ambayo leo humkera mwanafunzi, akayahesabu kuwa ni ukaidi usio na maana, yalikuwa katika siku zake tadbiri ya mtu mwenye akili aliyebanwa na vyombo vyake.

Katika miaka ya 1960 mtu hakuzungumza na kompyuta kwa kioo bali kwa karatasi. Chombo kilichoenea katika vyuo na maabara za Marekani kilikuwa teletaipu, na hususa ile iliyoitwa Teletype Model 33, mashine yenye kelele nyingi iliyopiga chapa herufi 10 kwa sekunde, zote kubwa, juu ya karatasi ndefu iliyojikunjua mbele ya mtumiaji. Msomaji na afanye hesabu mwenyewe: ukurasa wa mistari 50, wenye herufi 60 katika kila mstari, ulitaka dakika tano kamili ili uonyeshwe mara moja. Katika hali hiyo hapakuwa na mtu ambaye angetaka kuonyeshwa faili lake lote kila alipobadili neno. Ilimpasa alishike faili kichwani, aitaje mistari kwa nambari zake au kwa maneno yaliyomo, na kuitisha chapa ya ile tu aliyoitilia shaka.

Kimojawapo cha vihariri vya namna hiyo kilikuwa QED, kilichoandikwa katikati ya miaka hiyo katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, na watungaji wake ni Butler Lampson na Peter Deutsch. Katika chuo hicho hicho alisoma kijana aitwaye Ken Thompson, ambaye baadaye aliajiriwa katika Maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, akaenda na mapenzi ya QED moyoni. Huko alikiandika upya kwa ajili ya mashine kubwa ya IBM 7094, akakitia jambo ambalo awali halikuwamo: uwezo wa kutafuta si neno moja lililotajwa herufi kwa herufi, bali jamii nzima ya maneno yafuatayo kanuni moja, kwa kutumia nadharia ambayo mwanahisabati Stephen Kleene aliiasisi katika miaka ya 1950. Njia hiyo ya kutafuta Thompson aliichapisha mwaka 1968, na hata leo hapana kihariri kinachojiheshimu kisichokuwa nayo.

Mwaka 1969 Maabara ya Bell ilijitoa katika mradi mkubwa wa mfumo wa kompyuta ulioitwa Multics, na Thompson akabaki na azma bila mashine. Alipata PDP-7, kompyuta ndogo ambayo hata kwa kipimo cha siku zile ilikwisha pitwa na wakati, na mkewe aliposafiri pamoja na mtoto wao mchanga kwenda California kwa majuma matatu, akaigawa nafasi hiyo, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, juma moja moja kwa kila kitu alichokikosa: kihariri, programu ya kugeuza amri ziwe lugha ya mashine, na kiini cha mfumo wenyewe. Mkewe aliporudi, mfumo ambao ulikuja kuitwa Unix ulikuwa umesimama kwa miguu yake. Na kihariri chake, kilichokuwa QED iliyopunguzwa hata ikaenea katika mashine finyu, kilipewa herufi mbili tu kuwa jina: ed.

Inafaa tukitazame kihariri hiki kwa karibu, maana damu yake imo katika vingi vilivyofuata. Tuchukue karani wa duka mwenye faili liitwalo bei, na ndani yake neno sukari limeandikwa sukri. Anapoandika ed bei, kihariri humjibu kwa tarakimu peke yake, tuseme 412, ambayo ni hesabu ya herufi zote zilizomo katika faili, kisha hunyamaza. Akiandika /sukri/, huchapiwa mstari ulio na neno hilo. Akiandika s/sukri/sukari/, kihariri hakisemi lolote, maana kimetii, na kutii hakuhitaji maelezo. Akiandika w, hujibiwa 413, na kwa kuona hesabu imezidi kwa moja hujua kwamba herufi iliyopungua imeingia mahali pake na faili limehifadhiwa. Akiandika q, hutoka. Na kama katika safari hiyo angalikosea amri yoyote, iwe kwa jambo kubwa au dogo, jibu lingalikuwa alama moja isiyo na neno la pili: ?

Alama hiyo ya kuuliza imechekwa na kulaaniwa kwa zaidi ya nusu karne. Lakini kwa mashine ipigayo herufi 10 kwa sekunde, onyo la maneno 20 lingalimkalisha mtu zaidi ya sekunde kumi akisubiri kuambiwa jambo ambalo, akitazama tu alichokiandika, angaling'amua mwenyewe. Ukimya wa ed ulikuwa heshima kwa wakati wa mtumiaji, na Thompson aliuzoea kiasi cha kutouonea haya hata vyombo vilipobadilika.

Navyo vilibadilika upesi. Katikati ya miaka ya 1970 terminali za kioo zilianza kuziondoa teletaipu katika vyuo, na George Coulouris, mwalimu katika Chuo cha Queen Mary mjini London, akaona kuwa ni israfu kuwa na kioo kiwezacho kufuta na kuandika upya papo hapo, kisha kukitumia kwa namna ile ile ya karatasi. Alikirekebisha ed hata mtu akaweza kuuona mstari mmoja mbele yake na kuutengeneza herufi kwa herufi, na kihariri chake akakiita em, akieleza kwa mzaha kuwa ni kihariri cha wanadamu wa kawaida. Husimuliwa kwamba Thompson alipotembelea chuo hicho na kuonyeshwa kazi hiyo, alisema amekwisha ona vihariri vya jinsi hiyo wala haoni haja navyo, kwa kuwa hataki kuiona hali ya faili wakati anapolihariri. Maneno hayo yanaweza kudhaniwa majivuno, ilhali ni ushahidi wa mtu aliyelelewa na karatasi, ambaye kumbukumbu yake ilikuwa kioo tosha.

Kiangazi cha mwaka 1976 Coulouris alikwenda Berkeley, na em ikaenda pamoja naye katika utepe. Wako waliokitazama kihariri hicho kwa wasiwasi, wakihofu kuwa kwa kushughulika na kila kitufe kibonyezwapo kitaichosha mashine iliyotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Lakini wanafunzi wawili wa shahada ya juu, Bill Joy na Chuck Haley, walikwisha choshwa na ufinyu wa ed, wakakichukua em, wakakipanua na kukigeuza mpaka kikawa kihariri kingine kiitwacho ex. Hicho nacho kilikuwa bado cha mstari mmoja mmoja. Kilichomwezesha Joy kuivuka hatua iliyobaki ni kuwasili kwa terminali iitwayo ADM-3A, ya kampuni ya Lear Siegler, ambayo tofauti na nduguye aliyeitangulia iliweza kuamriwa ipeleke kishale mahali popote katika kioo. Hapo ndipo alipoliandika tabaka la juu la ex ambalo humwonyesha mtu faili kwa upana wa kioo kizima, na mwaka 1979 kazi hiyo ikasambazwa katika mkusanyo wa pili wa programu za Berkeley kwa jina la vi.

Asiyeijua hali aliyofanyia kazi Joy hawezi kuielewa vi. Yeye mara nyingi aliifanya kazi yake nyumbani, akiunganishwa na kompyuta ya chuo kwa modemu ya simu yenye kasi ya bodi 300, ambayo ni takriban herufi 30 kwa sekunde. Kioo cha mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja kina nafasi 1,920. Kukijaza mara moja tu kulitaka sekunde 64. Kwa mtu wa namna hiyo kila herufi iliyopita katika waya ilikuwa na gharama, na kihariri chake kikajifunza ubahili wa ajabu. Katika terminali duni, mstari ukifutwa, vi haikukichora kioo upya ili kuliziba pengo, bali iliacha alama ya @ pembeni, kumjulisha mtu kuwa hapo hapana kitu, ikasubiri mpaka pawe na sababu ya kweli ya kuchora. Mtu akitaka kubadili neno, neno lile halikuondolewa mbele ya macho yake. Iliwekwa alama ya $ juu ya herufi yake ya mwisho, kuonyesha mpaka wa kitakachopotea, naye akaandika juu yake.

Ubahili huo huo ndio uliozaa tabia inayowashangaza wageni kuliko zote, yaani kwamba vi ina hali mbili, ya kuamuru na ya kuandika, na kwamba katika ile ya kwanza herufi za kibodi haziandiki bali hutenda. Kibodi ya ADM-3A haikuwa na vitufe vya peke yake vya mishale; mishale ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l, na ndiyo maana hata leo kushoto ni h na kulia ni l. Kitufe cha kutokea katika hali ya kuandika, Esc, kilikaa mahali ambapo kibodi za leo zina Tab, karibu na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, wala hapakuwa na haja ya kuunyosha mkono mpaka pembeni kama ilivyo sasa. Herufi zenyewe zilipangwa kwa sarufi: d ni kufuta, w ni neno, basi dw ni kufuta neno, dd ni kufuta mstari mzima, na 3dd ni kufuta mistari mitatu. Aliyejifunza vitendo vichache na shabaha chache amepata, kwa kuvichanganya, mamia ya amri asizofundishwa na mtu. Na kila moja yao hupita katika waya kwa herufi mbili au tatu.

Historia hiyo haikukosa msiba. Mwishoni mwa mwaka 1978, chuo kilipokuwa kikihamia kompyuta mpya ya VAX, Joy alikuwa akikiongezea vi uwezo wa kukigawa kioo katika madirisha kadhaa. Mtambo wa utepe ulikuwa umeharibika, nakala za akiba hazikuwapo, naye akaendelea na kazi; kisha msimbo wake ukaharibika, wala hakuwa na chapa kamili ya karatasi ambayo angeweza kuinakili upya. Alikata tamaa, akalirudia toleo la nyuma, akalimalizia kitabu chake cha maelekezo, akaifunga kazi. Mwaka 1982 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Sun Microsystems, na uangalizi wa vi ukawa umekwisha kwenda kwa mwenzake Mark Horton.

Wakati mambo haya yakitendeka katika ufuo wa magharibi wa Marekani, upande wa mashariki, katika maabara ya akili unde ya MIT, kulikuwa na watu waliokuwa na neema ambayo Joy aliitaja baadaye kwa namna ya kuionea gere: mashine kubwa ya PDP-10, na vioo vilivyounganishwa nayo kwa waya za kasi kubwa, hata hapakuwa na haja ya kuhesabu herufi. Hao walitumia kihariri kiitwacho TECO, ambacho asili yake ni kazi ya Dan Murphy katika mwanzo wa miaka ya 1960, kilichokuwa nusu kihariri na nusu lugha ya programu, chenye amri fupi na nzito kusomeka. Richard Stallman aliuboresha uwezo wake wa kuonyesha faili katika kioo wakati likihaririwa, akakiongezea na ule wa kufunga amri nyingi katika kitufe kimoja, na mara kila mtu katika maabara akaanza kujitengenezea mkusanyo wake wa amri, hata ikawa mtu akiketi mbele ya kioo cha mwenzake hajui kitufe kipi kinafanya nini. Mwaka 1976 Guy Steele alianza kazi ya kuikusanya mikusanyo hiyo iwe mmoja, Stallman akaishika na kuikamilisha, na tunda lake likaitwa Emacs.

Stallman alikigawa kwa sharti moja: kila atakayekiboresha airudishe fadhila kwa kumletea maboresho hayo, ili yaingizwe katika hazina ya wote. Ndivyo kilivyokua. Emacs imeongezeka jinsi inavyoongezeka nyumba ya ukoo, ambapo kila kijana aoapo hujengewa chumba cha ubavuni, mpaka mgeni asiweze tena kutambua ni kipi kilichokuwa chumba cha kwanza: mna barua pepe ndani yake, kalenda, mchezo wa Tetris, na hata programu ijifanyayo tabibu wa nafsi, ikimhoji mtu kwa maswali yatokanayo na maneno yake mwenyewe. Katika kihariri hicho hamna hali mbili; herufi huandika siku zote, na amri hutolewa kwa kuzibonyeza pamoja na kitufe cha Control au kile kilichoitwa Meta, vitufe ambavyo kibodi za MIT zilikuwa navyo kwa ukarimu.

James Gosling aliandika Emacs ya mfumo wa Unix mwaka 1981, ambayo baadaye iliuzwa kwa kampuni ya biashara. Stallman, ambaye mwaka 1983 alikuwa ametangaza mradi wa GNU wa kujenga mfumo mzima ulio huru, alianza kuandika Emacs yake kwa kutumia sehemu ya kazi ile ya Gosling. Kampuni ilipodai haki yake, akaiondoa sehemu hiyo na kuiandika upya. Toleo la hadhara la GNU Emacs lilitoka mwaka 1985, moyo wake ukiwa ni lugha ya Lisp, ambayo kwayo mtumiaji aweza kukigeuza kihariri wakati kikiwa kinafanya kazi, bila kukizima. Mashine nyingi za wakati huo zililemewa na uzito wake, na wapinzani wake hawakuchoka kuutaja.

Jambo la haki za kisheria ndilo lililoifikia vi pia. Kwa kuwa ilijengwa juu ya msimbo wa ed, na msimbo wa ed ulikuwa mali ya AT&T, mtu asiyekuwa na leseni ya kampuni hiyo hakuweza kupewa msimbo wa vi. Basi wenye kompyuta ndogo za nyumbani wakaanza kuiiga kwa kuandika upya toka mwanzo. Mwaka 1987 Tim Thompson aliandika Stevie kwa ajili ya Atari ST. Na Mholanzi aitwaye Bram Moolenaar, aliyenunua kompyuta ya Amiga mwaka 1988 na asione vi ndani yake, akaichukua Stevie kuwa msingi, akaitengeneza kwa miaka mitatu, na mwaka 1991 akaitoa kwa watu kwa jina la Vim, katika disketi za mkusanyo wa Fred Fish zilizopitishwa mkono kwa mkono na wapenzi wa Amiga. Vim ilimruhusu mtu kutengua makosa yake hatua nyingi nyuma, ilhali vi ilikumbuka kosa la mwisho tu. Na mwaka 1994, katika toleo la 3.0, ilileta madirisha, yale yale ambayo Joy aliyapoteza miaka kumi na sita kabla yake.

Hapa habari hizi, ambazo zimezunguka Marekani na Ulaya, zinafika mlangoni petu. Mwaka ule ule wa 1994 Moolenaar alifanya kazi ya kujitolea huko Kibaale, mji mdogo katika wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akishughulikia maji na usafi wa mazingira katika kituo cha watoto. Rakai ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa mapema na vibaya na ukimwi, na watoto wengi walibaki mikononi mwa bibi zao, au bila mikono yoyote. Moolenaar alirudi kwao Uholanzi, akaasisi jumuiya ya kuwachangia watoto hao, kisha akaitoa Vim bure, ruhusa kwa kila mtu kuitumia na kuinakili kadiri apendavyo, akiwaomba tu wanaoiona kuwa na manufaa wawasaidie watoto wenye shida wa Uganda. Afunguaye Vim pasipo kutaja faili mara nyingi hukuta ombi hilo katika kioo, na akiandika :help uganda husomeshwa habari za Kibaale kwa tafsili. Mamilioni ya wanaprogramu ambao hawajapata kukanyaga ardhi ya Afrika Mashariki wameliona jina la Uganda katika kazi yao kwa sababu ya mtu huyo mmoja. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62, na mpaka hapo alikuwa angali ndiye mwenye neno la mwisho katika kila badiliko la programu yake.

Kimebaki kihariri cha watu wasiotaka kujifunza kihariri, nao ndio wengi. Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko Seattle, kilianza mwaka 1989 kutengeneza Pine, programu ya barua pepe kwa wafanyakazi na wanafunzi wasio na ujuzi wa kompyuta, na ndani yake kikatia kihariri chepesi kiitwacho Pico, ambacho huziandika amri zake chini ya kioo muda wote, ili mtu asilazimike kuzikariri. Leseni yake haikuruhusu watu kusambaza nakala walizozibadili wapendavyo, na kwa sababu hiyo wasambazaji wa Linux waliojali uhuru wa programu walishindwa kuitumia. Mwaka 1999 Chris Allegretta alianza kuandika badala yake, na badala hiyo, iliyopata kuitwa nano, ikaingizwa katika mradi wa GNU mwaka 2001. Ndiyo leo inayomfungukia mtumiaji wa Debian na Ubuntu asipochagua kitu kingine: ^O kuhifadhi, ^X kutoka, alama ya ^ ikiwa ni kitufe cha Control, na yote mawili yameandikwa mbele ya macho yake.

Katika habari hizi zote hakuna kilichokufa kabisa. Mtu aandikapo katika Vim :%s/sukri/sukari/g, anatoa amri ile ile ya ed ya mwaka 1969. Mifumo ya Unix ingali na vigeu viwili vya mazingira, EDITOR na VISUAL, kimoja cha kihariri cha mstari na kingine cha kihariri cha kioo, ingawa waliozaliwa baada ya teletaipu hawajui kwa nini viwe viwili. Kanuni za POSIX, zinazosawazisha mifumo ya jamii ya Unix, zinazitambua ed na vi katika zana za mfumo, ilhali Emacs na nano hazimo. Na hata vifaa vidogo, kama vile ruta zitumiazo BusyBox, mara nyingi huwa na vi ndogo ndani yake. Kwa hiyo watu wengi hukutana na vi bila kuitafuta: wameamuru git commit, amri ya kuweka kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo, bila kuweka kihariri wakipendacho, wakajikuta ndani yake wasijue mlango wa kutokea. Mwaka 2017 tovuti ya Stack Overflow ilitangaza kuwa swali la jinsi ya kutoka katika Vim lilikuwa limesomwa zaidi ya mara milioni moja. Jibu lake ni kubonyeza Esc, kuandika :q! na kumalizia kwa Enter. Na mabadiliko yote ambayo hayajahifadhiwa hupotea.

Anayeulizwa leo achague kipi basi asiwasikilize mashabiki, bali aitazame hali yake kwa jicho lile lile walilolazimika watungaji kuzitazama zao. Mwenye faili moja la kurekebisha kabla ya adhuhuri, na baada yake asiyekuwa na haja na seva mpaka mwezi ujao, atumie nano, wala asimwonee haya mtu. Mwenye kuketi katika mashine yake mwenyewe siku nzima, apendaye kukigeuza chombo mpaka kimkae, Emacs itamlipa kwa kila saa aliyoitumia kuizoea, lakini ajue kuwa saa hizo si chache. Na yule aingiaye kila siku katika seva zisizo zake, zilizoko Frankfurt au Johannesburg, kwa bando la simu liendalo kwa kusuasua kutoka Mtwara au Bukavu, mtu huyo yumo katika dhiki ya Bill Joy, na kihariri kilichotungwa kwa ajili ya dhiki hiyo ndicho kitakachomfaa. Ila kwa vyovyote vile, awaye yote anayeshika kazi ya seva na ajifunze amri tano za vi: i ya kuandika, Esc ya kurudi katika hali ya kuamuru, dd ya kufuta mstari, :wq ya kuhifadhi na kutoka, na :q! ya kutoka bila kuhifadhi. Zinajifunzwa kwa nusu saa, na siku seva itakapokwama usiku huku hamna kihariri kingine ndani yake, nusu saa hiyo itakuwa imelipa.